Jiwe namba 39: kazi ya Alxenor wa Naxos, Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, Athens

Chini ya miguu ya mwanamume aliyechongwa kwenye jiwe la kaburi namba 39 kuna mstari mmoja wa Kigiriki: Alxenor wa Naxos ndiye aliyefanya, hebu tazameni. Mchongaji huyu, mtu wa kisiwa cha Naxos, anajulikana kwa mstari huo peke yake. Waandishi wa kale waliohesabu mafundi mashuhuri wa Ugiriki hawakumgusa, na hakuna jiwe jingine lenye sahihi yake. Ustadi wake inabidi tuupime kwa kazi hii moja, na kwa kuwa mwenyewe aliomba itazamwe, tutaitazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake: jiwe limechaguliwaje, limekatwaje, wapi amefaulu na wapi limemshinda. Kisha tutaeleza namna ya kuliona vizuri, maana wageni wengi hulipita bila hata kusimama.

Tuanze na hukumu. Hii ni kazi ya kiwango cha juu yenye dosari mbili za wazi, na dosari zote mbili zimetokana na ujasiri. Anayependa umaliziaji usio na kasoro atafurahia zaidi jiwe la mchongaji mwingine, Aristokles, lililomo humo humo. Anayetaka kuona mchongo wa Kigiriki ukijifunza kitu kipya ambacho bado haujakiweza, aje hapa.

Jiwe lina urefu wa karibu mita 2, jembamba, na hukadiriwa kuwa la mwaka 490 KK hivi. Limetoka Orchomenos, mji wa kale wa mkoa wa Boeotia, kaskazini-magharibi ya Athens. Mwanamume mwenye ndevu amejitanda shuka kubwa, amejiegemeza kwenye mkongojo uliomwingia kwapani, miguu ameipishanisha. Ameinama kidogo na mkononi ameshika panzi, anampa mbwa wake. Mbwa amejinyoosha wima, shingo ameipinda nyuma, pua inakaribia kumgusa yule panzi. Hakuna silaha, hakuna mungu, hakuna mtu anayelia. Jina la marehemu halimo kwenye bamba.

Panzi huyo anastahili kutazamwa kwa karibu. Ni mdogo kuliko vidole vinavyomshika, na vidole vimefungwa kwa wepesi wa mtu anayejua kwamba akibana kidogo tu atamponda. Mkono unashuka, kichwa cha mbwa kinapanda, na kati yao pamebaki upenyo mwembamba mno wa jiwe lililoshushwa. Upenyo huo ndio unaoibeba picha nzima. Kama fundi angeufunga, mbwa angekuwa anakula. Kama angeupanua, mbwa angekuwa amesimama tu. Kwa patasi ya mbao hilo ni jambo la subira. Kwa tindo na nyundo juu ya marumaru, pigo moja la pembe mbaya lingeondoka na pua ya mbwa au ncha za vidole, na marumaru haiungiki.

Sasa jiwe lenyewe. Ni marumaru ya kijivu ya Boeotia, yaani ya mahali kazi ilikofanyika. Naxos ina marumaru yake nyeupe, ya chembe kubwa zinazometameta, na sanamu ambazo hazikumalizwa bado zimelala kwenye machimbo ya kisiwa hicho: iliyoko Apollonas ina urefu wa zaidi ya mita 10, na nyingine ziko Flerio. Kwa hiyo Alxenor hakusafiri na jiwe. Alisafiri na vifaa na mikono yake, akafanya kazi kwa jiwe alilolikuta. Fundi yeyote wa mawe anajua uzito wa jambo hilo. Marumaru ikipigwa wima, chembe zilizo chini ya uso husagika na kuacha doa jeupe kama mchubuko. Kwenye jiwe jeupe doa hilo hujificha. Kwenye jiwe la kijivu hubaki linaonekana, na dawa yake ni kuushusha uso wote mpaka chini ya mchubuko, au kutegemea rangi ilifunike. Ndiyo maana kazi ya jiwe la kijivu hudai tindo iinamishwe zaidi na mapigo yawe mepesi zaidi.

Hatua za kazi ya namna hii zinaeleza kwa nini dosari zake ziko pale zilipo. Uso wa bamba hunyooshwa kwanza, kisha mchoro huwekwa juu yake. Fundi huanza kuishusha sehemu ya nyuma kwa tindo ya ncha, akiacha umbo katikati na ukingo pembeni. Kuanzia hapo kina chake kimeshafungwa: hakuna sehemu ya umbo inayoweza kutokeza kupita uso wa mwanzo wa bamba, na kwenda ndani hawezi kupita pale alipoishusha sehemu ya nyuma. Kila kitu kinagombania sentimita hizo chache. Baada ya ncha hufuata tindo ya meno, halafu tindo bapa kwa mikunjo ya nguo, halafu kusugua kwa emeri na maji. Emeri ni jiwe gumu sana la kusagia, na chimbuko lake lililosifika zamani lilikuwa Naxos hiyo hiyo, hivyo mtu wa Naxos alikua akiijua. Mwisho huja rangi.

Kosa linaloua kazi hizi ni kushusha mapema mno. Bega likishushwa kupita kiasi, kifua lazima kishuke kulifuata, na kifua kikishuka mkono unaopita mbele yake unakosa unene. Hakuna kuongeza jiwe. Kwa sababu hiyo mafundi wengi wa wakati ule walikwepa kupanga vitu juu ya vitu: walimsimamisha mtu kwa ubavu, miguu sambamba, mkono mmoja umelala pembeni. Ni salama, na ukifanya kwa uangalifu hutoka safi kabisa.

Alxenor alikataa usalama huo. Hesabu tabaka alizopanga: mguu wa mbele, mguu uliopishana nyuma yake, shuka, mkongojo, na mbwa. Juu ya hayo, mwili hausimami kwa nguvu zake. Uzito umehamia kwenye mkongojo, kwa hiyo bega moja limepanda na kiuno kimelegea. Kumwonyesha mtu aliyesimama ni rahisi. Kumwonyesha mtu aliyeegemea, ili mtazamaji aamini kwamba mkongojo ukiondolewa ataanguka, ni kazi ya aina nyingine kabisa, na hapa amefaulu. Tazama mahali mkongojo unapoingia kwapani na namna nguo inavyobanwa pale: hapo uzito unaonekana.

Dosari ya kwanza ni mguu mmoja, ule unaomtazama mtazamaji, vidole vikielekea nje ya jiwe. Kwa mahesabu ya kawaida, mguu kama huo unahitaji kina cha mguu mzima. Yeye alikuwa na sentimita chache, basi ikabidi ayadanganye macho: aufupishe na kuvipanga vidole mbele kama safu. Matokeo yake mguu unaonekana kama kigutu, hauungani vizuri na kifundo. Lakini weka jaribio hilo katika wakati wake. Wachoraji wa vyungu wa Athens, Euphronios na Euthymides, walikuwa wameanza kuhangaika na ufupisho wa namna hiyo miaka kama ishirini tu kabla, nao walikuwa na brashi juu ya udongo. Alxenor aliufanya kwenye marumaru ya mteja.

Dosari ya pili ni mbwa. Bamba ni jembamba, mtu amelijaza, na mbwa amebanwa kwenye nafasi iliyobaki kati ya miguu ya bwana wake na ukingo. Ndiyo sababu amesimamishwa wima namna ile. Shingo iliyopinda ni nzuri sana, ila kiwiliwili kimenyooshwa kutoshea nafasi kuliko inavyotakiwa na mifupa ya mbwa. Hili lilianzia kwenye mchoro, kabla tindo haijagusa jiwe: bamba pana kidogo zaidi lingemaliza tatizo, lakini mabamba ya makaburi ya wakati ule yalikuwa membamba kwa desturi.

Tuje kwenye sahihi. Mstari ule una mizani ya hexameta, bahari ile ile ya mashairi ya Homer, na umeenea kwa mstari mmoja kamili. Msomaji aliyezoea tenzi, ambamo mtunzi hujitaja kwa jina katika beti za mwisho, ataona mara moja kwamba huu ni utaratibu wa mtu anayejua heshima ya kazi yake. Watu wa Naxos walikuwa na desturi hiyo tangu zamani: moja kati ya sahihi za kale zaidi za mchongaji zinazojulikana ni ya Euthykartides wa Naxos, kwenye kitako cha sanamu kisiwani Delos, cha karne ya 7 KK. Na majigambo hayakuwa ya Alxenor peke yake. Euthymides, yule mchoraji wa vyungu, aliandika kwenye mtungi ambao sasa uko Munich kwamba Euphronios hajawahi kufanya vile. Ukilinganisha, Alxenor ana adabu zaidi. Hamtaji mshindani. Anaomba macho tu.

Kuna jambo la kihistoria linalovuta wengi: mwaka 490 KK jeshi la Waajemi lilishuka Naxos likauchoma mji na mahekalu yake, na jiwe hili ni la miaka hiyo hiyo. Tusimtungie Alxenor hadithi ya ukimbizi. Mafundi wa visiwani walikuwa wakifuata kazi bara muda mrefu kabla ya hapo, na ushahidi uko ndani ya makumbusho haya haya, kwenye Phrasikleia.

Sanamu hiyo, namba 4889, ni ya msichana aliyekufa kabla ya kuolewa, na iliwekwa juu ya kaburi lake Merenda, Attica (eneo linalouzunguka mji wa Athens), karibu mwaka 550 hadi 540 KK. Ni marumaru ya kisiwa cha Paros, na kitako chake kina sahihi ya Aristion wa Paros. Kitako kilijulikana kwa zaidi ya miaka mia mbili kikiwa kimejengewa ndani ya kanisa, hadi sanamu yenyewe ilipofukuliwa mwaka 1972, ikiwa imelazwa shimoni pamoja na sanamu ya kijana, namba 4890. Kilichothibitisha kwamba kitako na sanamu ni kitu kimoja ni risasi iliyomiminwa kuushikilia ulimi wa sanamu, yaani kipande cha jiwe kilichoachwa chini yake, ndani ya tundu la kitako. Mabamba ya makaburi nayo yalisimamishwa hivyo: ulimi chini, tundu kwenye kitako, risasi iliyoyeyuka kujaza mwanya. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za selisiasi, na tundu likiwa na unyevu wowote, mvuke huirusha usoni kwa fundi. Kwa hiyo tundu lilipaswa kukaushwa kabisa kwanza. Ni sehemu ya kazi ambayo mgeni haioni, lakini bila hiyo bamba la mita 2 lingelala chini msimu wa kwanza wa mvua. Phrasikleia pia anasaidia kwa upande wa rangi: mabaki mekundu kwenye gauni lake yanamkumbusha mtazamaji kwamba hakuna jiwe kati ya haya lililokusudiwa kubaki tupu.

Wa kulinganishwa hasa na Alxenor ni Aristokles. Jiwe lake, namba 29, lilipatikana Velanideza, Attica, mwaka 1839, nalo ni la karibu mwaka 510 KK. Ni marumaru ya mlima Penteli, karibu na Athens, na linamwonyesha askari mwenye ndevu, amesimama kwa ubavu, mkuki mkononi. Kwenye kitako pameandikwa kwamba ni la Aristion (marehemu, wala si yule mchongaji wa Paros, majina yanachanganya wengi), na kwenye ukanda ulio chini ya miguu: kazi ya Aristokles. Katika karne ya 19 liliitwa askari wa Marathon, jambo lisilowezekana kwa umri wake, kwani vita vya Marathon vilikuwa mwaka 490 KK. Umaliziaji wake ni wa hali ya juu kuliko wa Alxenor. Mikunjo midogo ya nguo inayochungulia chini ya deraya imekatwa kwa usawa wa kustaajabisha, na nyuma ya askari bado kuna mabaki ya rangi nyekundu. Sehemu ya juu ya kofia iliundwa kando na imepotea. Lakini Aristokles hakuthubutu lolote na miguu ile: yote miwili iko ubavu, nyayo chini, kwa mpangilio uliokuwepo vizazi viwili kabla yake.

Kwa ufundi wa mkono tunampa Aristokles. Kwa macho na kwa moyo, Alxenor, wala si kwa tofauti ndogo. Askari wa Aristokles ni mfano wa askari. Mtu wa Orchomenos ni mtu mmoja, mchana mmoja, na mbwa wake.

Sababu ya kazi nzuri za makaburi za miaka ya 490 KK kutafutwa nje ya Athens nayo ni ya kujua. Cicero, mwandishi wa Kirumi, ameandika juu ya sheria ya Athens, iliyokuja muda fulani baada ya Solon, mtunga sheria wa mji huo, iliyokataza kaburi lenye kazi kuliko ile ambayo watu 10 wangeweza kuimaliza kwa siku 3. Mawe ya makaburi yenye michongo hupotea Athens mwanzoni mwa karne ya 5 KK. Boeotia, Thessaly na visiwani hayakupotea.

Sasa namna ya kulitazama. Usisimame mbele moja kwa moja kwanza. Mchongo wa kina kifupi hufa ukitazamwa hivyo. Simama pembeni, uso wa bamba ukiwa umelala mbele yako, kisha zunguka taratibu kuelekea katikati. Tabaka zitatengana zenyewe: kwanza mkongojo, kisha miguu, mwisho mbwa. Kwa maandishi, chuchumaa. Yako chini, na Kigiriki cha wakati huo hakiachi nafasi kati ya maneno, kwa hiyo usitafute maneno. Tafuta herufi za jina la Naxos kisha ujipime kutoka hapo. Picha zinaruhusiwa bila mwanga wa kamera, na mwanga huo hata hivyo ungeubamiza mchongo wote ukawa bapa. Piga kutoka pembeni, punguza mwangaza kidogo kwenye simu. Kalamu ya risasi na daftari dogo vinafaa kuliko simu: ukichora mguu ule mmoja, utaelewa kilichomsumbua. Usiguse jiwe hata kidogo. Mafuta ya vidole huingia kwenye marumaru.

Makumbusho yako barabara ya Patission namba 44. Kutoka uwanja wa ndege, chukua metro ya njia ya 3 hadi Monastiraki, badilisha hadi njia ya 1 kuelekea Kifissia, shuka Victoria, kisha ni mwendo mfupi wa miguu. Jumanne hufunguliwa mchana, si asubuhi. Wengi hukuta mlango umefungwa. Siku za bure ni pamoja na 6 Machi, 18 Aprili, 18 Mei na 28 Oktoba, na hizo ndizo siku za msongamano, kwa hiyo kwa kuchuchumaa mbele ya jiwe moja hazifai. Mabegi makubwa huachwa mapokezi.

Ukiingia, mbele yako moja kwa moja ni ukumbi wa Mycenae, ambako kila kundi la watalii huelekea. Wewe geuka kushoto. Sanamu zimepangwa kufuata miaka, na utaanza na Nikandre, namba 1, kazi ya Naxos ya karne ya 7 KK iliyowekwa wakfu Delos: mwembamba kama ubao, mikono imegandamana na mwili. Usimpite. Kutoka kwake hadi kwenye panzi wa Alxenor ni kama miaka 150 ya kisiwa kimoja, na safari hiyo yote unaitembea kwa miguu bila kutoka jengoni. Tafuta vitu kwa namba za orodha, kwa kuwa vyumba vinaweza kupangwa upya na upanuzi wa jengo umeshasanifiwa. Vibao vya maelezo ni vya Kigiriki na Kiingereza, vifupi. Havitakuambia lolote juu ya mguu wala mbwa.

Kwa Nikandre, Phrasikleia, Aristokles na Alxenor peke yao tenga saa moja na nusu. Kwa anayependa maandishi kuliko sanamu, Makumbusho ya Maandishi ya Kale yako kwenye ubavu wa jengo hilo hilo, mlango wa mtaa wa Tositsa, na mara nyingi huwa tulivu.

Usifunge safari ya Orchomenos kwa ajili ya jiwe hili; haliko huko. Ukiwa tayari unapita Boeotia kuna kaburi kubwa la duara liitwalo Hazina ya Minyas na kanisa la Skripou la karne ya 9, lililojengwa kwa mawe ya kale yaliyotumika tena, navyo vinatosha kwa asubuhi moja. Na kwa aliyeko Italia asiyeweza kufika Athens, Makumbusho ya Akiolojia ya Napoli yana jiwe la Borgia lenye picha ile ile ya mtu, mkongojo na mbwa. Halina sahihi.